Chunusi na hizi tyubu za elfu tatu

Mi nauza dawa, famasi ya mtaani tu hapa Dar, na watu wananiita dokta kwasababu nimesimama nyuma ya kaunta na koti jeupe, nishachoka kuwarekebisha. Ukiondoa mafua na tumbo, kitu kinacholeta watu dirishani kwangu ni chunusi. Ila mtu wa chunusi haulizi, anaagiza. Anakuja na simu ina picha ya tyubu, au na boksi tupu alilopewa na rafiki yake wa chuo, "dokta nipe hii", hajasema zimemuanza lini wala amepaka nini kabla, anaitaka hiyo hiyo na anaitaka leo maana jumamosi kuna sendofu.

Sasa hiyo tyubu. Sitaji jina kwasababu ziko nyingi na zote ni ndugu. Ukigeuza boksi ukasoma yale maandishi madogo utakuta vitu vitatu ndani: steroidi, mara nyingi betamethasoni au klobetasoli, halafu antibayotiki kama gentamaisini au neomaisini, halafu dawa ya fangasi kama klotrimazoli au mikonazoli. Yani mtengenezaji karusha mawe kila upande, iwe mzio, iwe bakteria, iwe fangasi, moja litapata. Madaktari wa ngozi hawataki hata kuzisikia usoni kwa mtu lakini mtaani zina heshima zake, na bei ni buku mbili tatu, nani atakataa.

Na tatizo zinafanya kazi bwana, hapo ndo pagumu kumuelewesha mteja. Steroidi inazima uvimbe haraka mno, siku tatu nne uso umetulia, na juu ya hapo inafifisha rangi ya ngozi kwahiyo unang'aa kidogo, shosti anakuuliza siku hizi unapaka nini, nawe unamtumia picha ya tyubu, ndo hivo inavyosambaa. Kumbe chanzo cha chunusi hakijaguswa. Ukiendelea nayo wiki na wiki ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaanza kuonekana, vinywele vinaota mashavuni kwa dada wa watu, na vinatoka vipele vya saizi moja vimejaa uso mzima, hizo ndo chunusi za steroidi, dawa yenyewe imezizaa. Ukisema uache, uso unawaka moto, unawasha, unavimba kuliko ulivyoanza. Unaona wazi kwamba "ile dawa ilikuwa inanisaidia", unarudi dirishani. Mtu anaweza akazunguka humo miaka.

Kama uko humo tayari usione aibu, wala usikae nyumbani unajikaza peke yako. Nenda kliniki ya ngozi na tyubu yenyewe mkononi, hata kama ni kopo la mkorogo halina lebo, beba, maana klobetasoli hiyo hiyo wachanganyaji wanaitia kwenye mikorogo pamoja na haidrokwinoni, dawa ya kuchubua rangi, na mingine imeshapimwa ikakutwa na zebaki. Daktari akijua umepaka nini anajua pia akushushe vipi. Ukificha anaanza kutibu chunusi ambazo sio chunusi.

Haya, chunusi yenyewe inakuwaje. Kila kitundu cha ngozi kina kinyweleo na chini yake kuna tezi ya mafuta. Ukibalehe homoni za androjeni zinapanda, wavulana na wasichana wote wanazo, zinaiambia tezi itoe mafuta mengi. Wakati huo huo seli zilizokufa mdomoni mwa kitundu, badala ya kudondoka, zinashikana na mafuta zinafanya kizibo. Ndani kunakuwa hakuna hewa, na kuna bakteria anaitwa Cutibacterium acnes ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, hata ya yule mwenye uso laini unayemuonea wivu, yeye sehemu yenye mafuta bila hewa ndo nyumbani, anazaliana. Mwili unashtuka, unaleta uvimbe, usaha, maumivu. Kwahiyo ni mafuta, kizibo, bakteria na uvimbe, manne hayo, na dawa yoyote ya maana inapiga moja au mawili kati ya hayo.

Cha muhimu kuliko vyote hapo ni muda. Kile kizibo kinaanza kidogo sana, hukioni kwa macho, kinakaa wiki kadhaa kabla hakijawa kipele. Yani chunusi iliyotoka leo asubuhi ilianza kujengwa mwezi uliopita wakati we unajiona uko safi. Ndo maana kupaka dawa juu ya kipele kimoja kimoja ni kukimbizana na yaliyopita, dawa inapakwa eneo zima linalotokaga, hata pale penye ngozi safi, na ndo maana pia dawa halali za chunusi mara nyingi hazionyeshi kazi yake vizuri chini ya wiki sita hivi, nyingi ni wiki nane mpaka kumi na mbili. Mteja nikimwambia wiki nane ananiangalia kama nimemtukana.

Na vile vidoti vyeusi vya puani sio uchafu. Ni hicho hicho kizibo, mdomo wake umebaki wazi, ule weusi ni rangi ya ngozi na mafuta yaliyokutana na hewa. Kwahiyo acheni kujisugua. Kuna watu wanaoga uso na dodoki, wengine sukari na limau, mtu anasugua mpaka ngozi inachubuka afu anashangaa zimeongezeka. Sabuni isiyo kali, mikono yako, maji, mara mbili kwa siku, basi. Limau nalo lisogezeni huko, ukipaka ndimu au limau ukatoka juani kuna kemikali ndani yake zikikutana na jua zinaunguza, inabaki alama nyeusi zaidi ya ile uliyokuwa unaifukuza. Dawa ya meno inaunguza pia. Liwa na manjano sina ugomvi nazo, bibi zetu walipaka na wakapendeza, ila sio tiba ya chunusi zenye usaha, tusidanganyane.

Kuna ile pia ya "huyu anataka kuolewa" na "ana damu chafu", mama wa watu anamnywesha binti maji ya majani sijui gani asafishe damu, damu haina kesi hapa. Nilishasikia mjomba mmoja anamwambia kijana wake mbele ya watu kwamba chunusi ni za mawazo machafu. Mtoto ana miaka kumi na tano, tayari hajipendi, unamuongezea na hilo.

Chakula sasa, maana hapa kila mtu ni mtaalamu. Miaka mingi watu waliambiwa chakula hakina uhusiano kabisa na chunusi, na sehemu kubwa ya maneno hayo ilisimama juu ya utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1969, walichukua watu 65 wakawapa chokoleti na wengine kitu kinachofanana na chokoleti, wakaona hakuna tofauti. Ila kile cha kufananisha kilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na chokoleti yenyewe! Na hela ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti. Mmoja wa waliofanya utafiti huo ni daktari wa ngozi Albert Kligman, na huyu mzee ukisoma habari za chunusi unamkuta kila kona, mwaka huo huo 1969 ndo alichapisha utafiti wake wa tretinoini, dawa ya vitamini A ya kupaka ambayo mpaka leo familia yake ni nguzo ya matibabu, afu 1970 yeye na wenzake wakaandika kuhusu chunusi zinazoletwa na mafuta ya nywele. Kichwa kweli kweli. Lakini kazi zake nyingi alizifanyia kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia miaka ya hamsini mpaka 1974, wengi wao weusi, wakilipwa vijisenti na bila kuelezwa sawasawa wanapakwa nini. Nami naiuza hii dawa na naipendekeza, ila kila nikiitaja nakumbuka migongo ya wale watu. Sijui niliwekaje hilo, naliacha hapo.

Turudi kwenye sahani. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mwingine wa kisiwa cha Kitava, Papua Guinea Mpya, waliangalia watu 1,200, wakiwemo vijana wa umri wa chunusi, hawakukuta hata mmoja mwenye chunusi. Wanakula viazi, magimbi, matunda, samaki na nazi. Haimaanishi nazi ni dawa, wana damu yao na maisha yao, ila tangu hapo watafiti wakaanza kuangalia upya vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, na Australia mwaka 2007 wakawalisha vijana wa kiume chakula cha sukari ya polepole kwa wiki 12, chunusi zikapungua kuliko kwa wenzao. Kwa lugha ya hapa: soda, juisi za boksi, maandazi, mkate mweupe asubuhi mchana jioni, hivyo ndo vya kuangalia. Maziwa nayo yanatajwa tajwa, hasa yaliyotolewa mafuta. Na nyie vijana wa gym mnaokunywa ule unga wa protini ya maziwa afu mgongo wote umejaa majipu madogo, jaribuni kuacha muone. Karanga na parachichi wanaonewa tu.

Mafuta ya nywele nimeyagusa hapo juu, tuyaongelee kidogo kwasababu hili ni letu kabisa. Ukiona chunusi zako zimejipanga kwenye paji la uso na pembeni karibu na masikio, na ni vile vidogo vidogo vya rangi ya ngozi, kabla hujaniagiza dawa niambie kichwani unapaka nini. Mafuta mazito ya kusukia, ya kulainisha, ya nazi, yanashuka na jasho la Dar hili yanaziba vitundu. Mafuta ya mgando ya petroli yenyewe kama yenyewe hayazibi kama watu wanavyodhani, ila yakichanganywa na mengine sijui manukato, ni habari nyingine. Paka ngozi ya kichwa tu, mbali na paji, ukilala funga kitambaa safi. Bodaboda wanaletewa na mkanda wa helmeti kidevuni, jasho na msuguano, osha ule mkanda.

Akina dada, uzazi wa mpango. Kijiti na sindano ya miezi mitatu zina homoni ya aina moja tu na kwa baadhi ya wanawake zinaongeza chunusi, imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ambayo hakuna anayesoma. Wengine vidonge vile vya homoni mbili vinawapunguzia. Usikimbilie kutoa kijiti kwa ajili ya uso, nenda uongee na nesi aliyekuwekea, mimba usiyoitaka ni kubwa kuliko chunusi. Na kama chunusi zako ziko kidevuni na kwenye taya, mzunguko wako unaruka miezi, na ndevu zinaota, hiyo sio kazi ya krimu, nenda wakuangalie vifuko vya mayai na homoni.

Sio kila kipele ni chunusi pia. Kaka anakuja na vipele shingoni na kidevuni vimeanza baada ya kunyoa, hizo ni ndevu zetu za kujikunja zinaingia tena ndani ya ngozi, dawa kubwa ni kuacha kunyoa mpaka chini, tumia mashine uache urefu kidogo. Vile vigumu vya kisogoni vinavyokua mpaka vinakuwa kovu kubwa, vina jina lake na daktari wake, muwahi mapema, kinyozi sio daktari. Na kama vipele ni vidogo, vinafanana, vinawasha sana, kwenye paji na kifuani, hiyo mara nyingi ni fangasi ya kwenye vinyweleo, huyo ukimpa antibayotiki unampalilia. Chunusi huwa inauma zaidi kuliko kuwasha.

Dawa zenyewe sasa. Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, ipo ya asilimia 2.5, 5 na 10. Watu wanataka 10 kwasababu namba kubwa, wakati ile ya 2.5 inakaribiana nayo kwa kazi na haikaushi ngozi sana kama ile ya 10. Inaua yule bakteria na bakteria hajaweza kuizoea. Ya pili ni adapalini au tretinoini, hizi ndo zinafungua vizibo, unapaka usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, sio kwa shavu moja, anza usiku mmoja mmoja unaruka, ngozi itakauka na itabanduka na wiki za mwanzo chunusi zinaweza zikaongezeka kidogo, hapo ndo wengi wanatupa tyubu wanarudi kwa steroidi. Mjamzito au unayetafuta mtoto hizi achana nazo, mwambie daktari, kuna asidi ya azelaiki anaweza kukupa.

Klindamaisini ya kupaka ni nzuri ila isipakwe peke yake, ipakwe pamoja na benzoili peroksaidi, la sivyo bakteria anajifunza. Vidonge vya doksisaiklini ni kwa zile zilizochachamaa, kwa cheti, miezi mitatu hivi sio mwaka, meza na maji glasi nzima ukiwa umekaa au umesimama, usilale papo hapo inaunguza koo, na jua litakuchoma zaidi ya kawaida. Mimba hapana. Wapo wanaofungua kapsuli wanachanganya ule unga na mafuta ya kupaka, jamani, nani alianzisha hii kitu?

Madoa. Kwa ngozi zetu nyeusi huwa mtu anasema "chunusi haziishi" kumbe chunusi zilishaisha, yaliyobaki ni madoa, na doa lina maisha yake, linakaa miezi. Kila ukiminya unatengeneza doa jipya, na kifuani na mgongoni unaweza kutengeneza kovu la kuvimba kabisa. Adapalini inasaidia madoa taratibu, asidi ya azelaiki pia, lakini ukitembea juani bila kinga unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Sanskrini ni ghali, najua, na nyingi zinaacha uso mweupe kama umepaka unga, lakini nchi hii hii pale hospitali ya KCMC Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza 1992, walianzisha kutengeneza sanskrini yao kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, na kwao ni suala la saratani, uhai kabisa. Huwa nawakumbusha wale wanaoniambia sanskrini ni mambo ya wazungu. Kofia pana na mtandio navyo ni kinga, havina bei ya dola.

Halafu kuna zile kubwa, za ndani, ngumu, zinauma hata ukilaza shavu kwenye mto, zinaacha mashimo. Hizo usizichezee nyumbani na mzazi usimwambie mtoto "zitaisha ukikua", zitaisha kweli ila mashimo yatabaki. Kuna isotretinoini ya kumeza, ilianza kutumika Marekani 1982, inakausha zile tezi za mafuta zenyewe na wengi hawarudiwi tena. Lakini inaharibu mtoto tumboni vibaya sana, ndo maana mwanamke hapewi bila kipimo cha mimba na uzazi wa mpango wa uhakika, na unapimwa damu, na midomo inakauka mpaka inapasuka. Nimeshaona watu wanauziana mtandaoni kama njugu. Hiyo ni ya daktari wa ngozi, nikikunyima dirishani usinikasirikie.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, dokta nina elfu kumi tu, nifanyeje. Swali zuri kuliko mengi ninayopataga. Benzoili peroksaidi, ya asilimia ndogo utakayoipata, na kipande cha sabuni ya kawaida isiyo na mbwembwe. Paka kidogo uso mzima, kaa nayo dakika kadhaa uoshe, siku zinavyoenda unaiacha muda mrefu zaidi mpaka inalala na wewe. Usiongeze kitu kingine chochote, ngoja mpaka wiki ya nane, hujaona nafuu njoo tuongelee adapalini. Ila inachujua rangi ya nguo, so usijifutie na kanga ya mama yako, tafuta taulo jeupe.